Sindano ya Pili

Wakati wa Zaire nilikuwa laborantine, yaani mpimaji wa maabara, katika hospitali moja ndogo ya Kamina, mwanamke wa kwanza kuketi mbele ya hadubini yake. Kutwa nilitafuta malaria katika damu za watu. Nilikaa dirishani, kwa sababu hadubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo cha kuvuta mwanga wa jua. Mawingu yakitanda, nilifunga mikono na kungoja.

Asubuhi moja mama mkulima wa njia ya Kabongo alimleta binti yake wa miaka kumi. Upande wa kulia wa shingo mtoto alikuwa na kivimbe kama karanga ndani ya ganda. Mama mwenyewe hakuwa na hofu.

"Iko paka rovu tu ya shingo, Dokta," alisema. "Hata nkambo yake, mama yangu, alikuwa nayo. Mutupe dawa, turudie kwetu."

Daktari wetu alikuwa kijana wa Kizaire aliyetoka kusoma ng'ambo. Alimwambia mtoto ameze mate, akakibonyeza kivimbe kwa vidole viwili. Kilikuwa kigumu.

"Mama, rovu ya mutu mukubwa ni kitu ingine. Kwa mutoto, kivimbe kimoja kigumu hivi, siwezi kukiacha bila kujua ni nini. Nitavuta tone kidogo na sindano."

Mama akasimama. "Bantu banasema ukichoma kitu ya vile inakasirika, inapanda mu kichwa!"

"Hii sindano iko nyembamba kupita ile ya kinini. Huyu sitwayeni ataangalia tone mu hadubini, njo tutajua," alisema akinionyesha mimi kwa jina la heshima la enzi ile.

Mama alikubali kwa shida. Daktari alichoma, akavuta, nami nikalitandaza tone kwenye kipande cha kioo, nikalipaka rangi ileile ya kupimia malaria. Nyingine hatukuwa nayo. Nilitazama kila kona. Nikarudi kwa daktari nikitabasamu.

"Hakuna kitu kibaya, Dokta."

"Haukuona kitu kibaya," aliniuliza, "ao haukuona kitu?"

Ilinibidi nikiri kwamba nilikuwa nimeona damu tu.

"Basi hatujajua bado," alisema. "Sindano inasema kweli kama imefika pale ugonjwa uko. Ikileta damu tupu, haijasema kitu. Na huyu ni mutoto. Tukimudanganya leo, atabeba uongo wetu maisha yake yote."

Niliona aibu, lakini sikulisahau neno lile miaka yote niliyofanya kazi.

Kumwambia mama kwamba tutachoma tena ilikuwa vita. Alikwisha kufunga kitambaa chake kichwani, amemshika binti mkono, anaelekea mlangoni. Mtoto ndiye aliyejivuta nyuma.

"Mama, acha achome. Ya kwanza haikuuma sana. Miye nataka kujua."

Akapanda mezani mwenyewe. Nilimshika kichwa, akaikodolea macho dari bila kupepesa. Safari hii daktari aliisogeza sindano pole pole, mbele na nyuma, mpaka tone likatoka zito.

Jua lilikuwa kali siku hiyo, kwa bahati yetu. Nilipoinama kwenye hadubini niliona seli zimerundikana vishada vishada, viini vyake vikubwa, vyeupe-vyeupe, vingine vina mkunjo katikati kama punje ya kahawa. Picha ya namna hiyo niliwahi kuiona katika kitabu cha daktari cha Kifaransa.

"Dokta, kuya uone."

Alitazama muda mrefu. Alipoinua kichwa alinitazama kwa huzuni na heshima pamoja. "Njo yenyewe. Ni kansa."

Mama na binti walipanda treni kwenda Lubumbashi, wamebeba vioo vyangu ndani ya kopo la maziwa lililojazwa pamba. Lakini mpasuaji wa huko hakutuamini. Alituletea habari kwa redio ya simu kwamba kwa mtoto mdogo hivyo yeye angengoja miezi kadhaa, na kwamba maabara ya kioo cha jua isijifanye kubwa. Nilikuwa nimesimama pale pale. Daktari wetu hakupandisha sauti.

"Mwenzangu," alisema, "tukiwa tumekosea, mtoto atabaki na kovu. Na ukiwa umekosea wewe?"

Sauti ikakwaruza redioni: "Sawa. Nitapasua."

Siku za kungoja nilifanya kazi vibaya. Nilikitoa kioo kimoja nilichokibakiza, nikakitazama tena na tena, nikajiuliza kama nilimpeleka mtoto wa watu kwenye kisu kwa sababu ya kiburi changu.

Barua ilifika na treni. Daktari aliifungua mbele yangu. Ilikuwa kansa. Ilikuwa bado ndani ya tezi ya shingo, nayo tezi imetolewa yote. Chini, kwa mkono wake, mpasuaji aliandika: *Kamina walisema kweli. Endeleeni kunitumia vioo vyenu.*

Nilitoka mbio uani na glavu mikononi, nikapiga vigelegele mpaka wagonjwa waliokuwa foleni wakafikiri nimeolewa. Daktari alisimama mlangoni, anacheka, anajifuta macho kwa mkono wa koti.

Walirudi mwezi uliofuata. Binti alikuwa na kovu jembamba na kidonge cha kumeza kila asubuhi badala ya tezi, na sauti yake ilikuwa nzima, kisu hakikuigusa. Mama alinikumbatia akanizungusha. "Wafwako! Wafwako!" alirudia, shukrani ya Kiluba, mpaka pumzi ikamwishia.

Nilimweka binti kwenye kiti changu, nikageuza kioo kidogo kuelekea dirishani, nikamwonyesha seli zake katika kile kipande nilichokibakiza. Alifumba jicho moja.

"Njo hii ilitaka kuniua?"

"Njo hiyo."

Akatazama tena, kisha akaangua kicheko. "Kadogo hivi? Na tumekashinda!"