Mfalme wa Uswidi na Korido ya Jeddah

Wewe, ushawahi kumpeleka mfalme Denmaki kabla ya chai ya asubuhi? Mimi nimempeleka, nikamrudisha, na akifika ananiuliza mayai yake yako wapi. Ngoja usicheke kwanza. Kaa vizuri nikueleze kuanzia mwanzo.

Shule mimi niliishia darasa la tatu. Kusoma nasoma nikipewa muda, lakini kusimulia sikufunzwa na mtu. Saudia nilienda miaka ile kila nyumba kwetu Voi ilikuwa na mtu anangoja pasipoti. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili na nilikuwa nyanya tayari, maana kwetu hatukuchelewa. Nikamwacha mjukuu wangu wa kwanza, msichana, ana miaka minne, anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto na ukimwambia anakununia.

Riyadh nilikaa miaka miwili kwa madam mmoja mwenye watoto wanne na mazulia mengi kuliko watoto. Mji wenyewe siujui. Najua jikoni, najua darini nilikoanika nguo, na najua Al-Dirah, kwa sababu madam akienda soko lile alinichukua nimbebee mifuko. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, alikuwa mume wake, mtu wa kimya, pasipoti yangu iko kwenye droo yake. Miaka miwili ikaisha, nikafunga sanduku. Wiki hiyo hiyo baba yake madam, mzee anayeishi Jeddah, akateleza bafuni akavunjika nyonga.

Madam akaniita sebuleni akaniambia nikae kwenye kiti, na kile kiti peke yake kikanijulisha kuna jambo. Akasema baba amefanyiwa operesheni na ameshafukuza wauguzi wawili, na mimi nina subira. Niende Jeddah. Siku baba atatembea mwenyewe mpaka getini bila kushikwa na mtu, siku hiyo karatasi yangu ya kutoka itapigwa muhuri. Madam hakuwa mtu mbaya, sitaki kumsingizia. Lakini kule bila hiyo karatasi huvuki uwanja wa ndege, na sasa karatasi yangu ilikuwa kwenye miguu ya mzee nisiyemjua.

Hiyo ilikuwa Agosti. Mjukuu wangu alikuwa anaingia darasa la kwanza Januari, na nilikuwa nimemwambia nitamshika mkono siku hiyo ya kwanza. Jioni moja nimempigia, nikamsikia akimwambia mtoto wa jirani, "Huyu ni nyanya yangu wa ndani ya simu." Yule mwenzake akauliza huko ndani nakula nini. Nilicheka mpaka nikajifungia chooni, na nilipofika chooni sikuwa nacheka tena.

Haya, Jeddah. Nyumba iko Al-Hamra, kubwa, ina korido ndefu ungeweza kufundishia mtu baiskeli. Mzee mwenyewe mrefu, ndevu nyeupe, alikuwa mwalimu wa historia maisha yake yote na sasa hana hata mwanafunzi mmoja. Akaniangalia juu mpaka chini, akauliza kama najua kusoma. Nikasema kidogo. Akauliza kama najua kusikiliza. Nikamwambia hapo sasa ndio umenipata.

Mtu wa tatu mle ndani alikuwa dereva, Mkenya mwenzangu wa Bungoma, mwanamume wa miaka hamsini mwenye tumbo la heshima. Yeye ndiye alimwogesha mzee na kumnyanyua, mimi mwanamke nisingeweza. Ijumaa akipewa ruhusa alienda Kandara, mtaa wa hapo hapo Jeddah, kukaa na wenzake, akirudi ananiletea umbea na unga wa ugali.

Daktari aliacha kile chuma cha kutembelea, cha miguu minne, akasema hatua ishirini asubuhi na ishirini jioni. Mzee akasema mafi. Maana yake hakuna. Siku ya pili mafi, siku ya tatu mafi, amelala tu na kitabu kikubwa juu ya kifua kama kifuniko cha sufuria. Siku ya nne nikamuuliza hicho kitabu kinasema nini.

Basi nikawa nimefungua bomba. Kitabu kilikuwa cha mfalme wa Uswidi, wa zamani sana, aliyepewa ufalme akiwa na miaka kumi na tano. Majirani zake watatu, wa Denmaki, wa Polandi na wa Urusi, wakaambiana huyu ni mtoto, twende tumnyang'anye. Wakakosea mtu. Mfalme huyo hakuoa, alilala chini na buti zake miguuni, na pombe aliiacha kabisa. Hapo kwenye pombe mzee alipapenda, alipasema mara tatu. Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni, kwa hivyo alizungumza polepole na mikono, kama anafundisha watoto.

Alipofika mfalme anapanda meli kwenda kumpiga wa Denmaki, akafunga kitabu, akasema kesho. Mimi hiyo kesho naijua. Nimewafanyia watoto wa watu nikiwakatia hadithi. Nikamwambia, baba, mimi sikusoma, Denmaki siwezi kuielewa mpaka niione. Akanyoosha kidole mlangoni: tuseme Denmaki ni pale. Nikamuuliza, sasa mfalme alifikaje pale naye amelala?

Akanitazama sana yule mzee. Alijua ninachofanya, mwalimu ni mwalimu. Lakini akaomba chuma chake. Hatua sita, jasho linamtoka, akashika fremu ya mlango na kusema Denmaki imesalimu amri. Nikampigia makofi. Akataka mayai.

Tangu siku hiyo nyumba yote ikawa ramani. Mwisho wa korido ni Urusi. Mzee akaeleza kwamba mfalme aliwavamia Warusi, wao wengi yeye wachache, na dhoruba ya theluji ikavuma kutoka mgongoni mwake ikawapiga wao machoni. Tukafungua eisi ya baridi mpaka mwisho. Dereva akawekwa kule mbele awe Mrusi, afumbe macho kwa ajili ya theluji. Akaja kunilalamikia jikoni, ameshika ikama yake, kile kibali cha kuishi kule, na nakumbuka maneno yake kama jana.

"Mama, ikama yangu imeandikwa dereva. Haijaandikwa Mrusi."

Nikamwambia vumilia, ndugu yangu, leo unashindwa tu, kesho unapumzika. Mzee alimfikia na kile chuma akamgonga tumboni, hatua thelathini na moja nimehesabu mwenyewe. Dereva akaanguka vizuri kabisa. Baadaye niligundua alikuwa ameanza kuipenda ile kazi, kwa sababu kule Kandara aliwasimulia wenzake, nao kila Ijumaa wanamuuliza vita vimefika wapi.

Polandi ndiyo ilitusumbua. Ilikuwa sebuleni, na mfalme alimfukuza yule wa Polandi miaka sita, huku na huku. Tuliizunguka ile meza ya katikati wiki tatu nzima. Mpaka leo mtu akinitajia Polandi nahisi kizunguzungu. Lakini mzee alikuwa ameanza kuachia mkono mmoja, na mimi kila jioni naangalia kalenda naona tuko sawa.

Sasa sikia kosa langu. Mimi msimuliaji mzima nilipanda vita vya watu bila kuuliza vinaishia wapi. Nilidhani mfalme atashinda tu mpaka tufike getini.

Asubuhi moja mzee akakataa kusimama. Akasema leo mfalme anabebwa. Nikamuuliza nani amesema, akanionyesha kitabu: mfalme alipigwa risasi ya mguu, na siku ya vita vikubwa na Mrusi alibebwa kwenye machela. Dereva akamsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka uani, wakashindwa vita pale karibu na kamba ya nguo, wakarudi. Mfalme akakimbilia kwa Waturuki kuomba hifadhi. Mzee akajitupa kwenye makochi ya majlis, chumba cha wageni, akanyoosha miguu, akaomba kahawa.

Nikauliza, halafu?

"Halafu akakaa," akasema mzee. "Miaka mitano."

Jamani. Miaka mitano kwenye kochi. Nikasema labda turuke hapo kidogo, akakasirika, historia hairukwi. Akapanga kila mwaka wa mfalme uwe wiki moja kwetu. Na kumbe ndani ya hiyo miaka mitano, mfalme alilala kitandani miezi kumi akijifanya mgonjwa ili asisumbuliwe na wageni. Mzee hiyo aliifurahia kupita kiasi. Akalala. Nikahesabu kwa vidole nikaona Januari inanipita hivi hivi. Dereva akashauri tuchome pazia, maana kitabuni wenyeji walichoka na mgeni wao wakaichoma nyumba kumtoa. Nikamwambia nenda kaoshe gari.

Wiki ya pili ya Waturuki niliingiza kahawa nikaketi chini kwenye zulia, jambo ambalo sikuwahi kulifanya bila kuambiwa. Nikamuuliza, "Baba, huyu mfalme alikuwa na mjukuu?"

"Hakuwa hata na mtoto."

"Ndio maana alikaa."

Akashusha kikombe. Kisha akauliza, "Wewe unaye?"

Nikamwambia ninaye. Nikamwambia ya shule, ya nyanya wa ndani ya simu, na ya karatasi yangu ambayo iko kwenye miguu yake. Kumbe hiyo ya karatasi hakuijua. Bintiye hakumwambia, na mimi nilidhani anajua na hajali. Alikunywa kahawa yake yote, akageukia ukutani, nikatoka nikidhani nimeharibu.

Kesho yake nimetoka kukanda unga nasikia kelele: anataka farasi. Farasi ni kile chuma. Akasema mfalme alichoka na Waturuki, akavaa nywele za bandia, akajipa jina la uongo, akapanda farasi akavuka nchi zote mpaka kwao kwa wiki mbili, anabadilisha farasi njiani na halali kitandani. Kwa kukosa nywele za bandia alivaa kofia ya dereva. Alitoka chumbani, akapita korido, akazunguka Polandi mara moja tu bila kuisalimia, akatoka mpaka uani. Na kweli wiki mbili mzee alisafiri hivyo kila siku bila kulala kitandani, alisinzia kwenye kiti. Nilimwambia apumzike, akaniuliza mimi na yeye nani amesoma kitabu.

Geti ndilo lilikuwa Norwe, vita vya mwisho. Madam akaja kutoka Riyadh, Desemba katikati, akasimama mlangoni na abaya yake na simu yake. Dereva yuko getini, yeye ndiye ngome ya Norwe. Mzee akaacha chuma barazani. Akatembea mikono mitupu, polepole, mimi nyuma yake nahesabu hatua, mpaka akashika chuma cha geti. Kitabuni mfalme anainua kichwa kutoka kwenye handaki usiku, risasi inamwingia, na hadithi imekwisha. Dereva akanyoosha kidole kama bunduki akauliza, "Nipige, baba?"

"Subiri."

Alisimama pale muda mrefu akitazama barabara, ambayo haikuwa na kitu. Nikaelewa. Mfalme akifa, mimi naenda.

Kisha akasema mpaka leo watu wanabishana kama aliyempiga ni adui au ni mtu wake mwenyewe. Akamgeukia binti yake, ambaye uso wake ulikuwa unasema baba amerukwa na akili. "Halas, basi. Amekufa. Mpigie mumeo, karatasi ya huyu ipigwe muhuri leo."

Nilifika Voi siku nne kabla ya shule kufunguliwa. Mjukuu wangu alinigusa shavu, akaangalia kidole chake, akanigusa tena. Siku ya shule nilimshika mkono mpaka mlango wa darasa, na alipokataa kuingia nilimwambia kuhusu mfalme mmoja aliyeanza akiwa mdogo. Akauliza kama alikuwa na begi. Nikasema alikuwa nalo.

Sasa yuko sekondari, mrefu kunipita, na kila nikisimulia ananisahihisha. Eti kwenye vita vya Urusi hakukuwa na mtu wa Bungoma. Mwaka huu goti langu limeanza ujeuri, kuna asubuhi naishia kitandani. Juzi alikuja kutoka shule akanikuta hivyo, akakaa ukingoni, akanishika mguu. Akaniahidi kwamba hataniletea mtu wa kunitembeza, atanitembeza mwenyewe kila asubuhi kabla hajaenda popote. Ila mfalme wangu amemchoka. Atanitafutia mwingine, mwenye vita vifupi.