Kopo ya Nkambo Ilunga

Leo nimelilia papa ya mutu mwingine, na mwenye papa alikuwa amesimama nyuma yangu. 😭😂

Bandugu, musicheke kwanza.

Nkambo Ilunga, baba ya papa yangu, alikufia ku kazi ya mine ya shaba, Kambove. Mu famille hakuna mwenye kujua kaburi yake. Njo mwezi huu nikamupata dada yake mudogo kule Lukafu. Akaniambia: "Tulimuwekea kopo yake mu simenti, pa kichwa. Utaiona tu."

Asubui nimefika Kambove na chupa ya munkoyo, ile kinywaji ya mahindi, juu ya kumunywesha.

Naona kopo!

Nikapiga magoti, nikalia. Nikamwanga munkoyo yote pa kaburi. Nikamuelezea mariage yangu, batoto, hata bamama-mukwe!

Sauti nyuma yangu: "Madame, uyu ni papa yangu. Weye ni nani?"

Mama moja, jembe mu mukono. Naona anawaza papa yake aliacha mutoto inje ya ndoa. 🙈

Nikainua macho. Safu yote iko na makopo! Kumbe bantu ya mine bote balibazika vile.

Nikataja jina ya nkambo. Jembe ikaanguka.

"Ilunga? Mwenye kopo ya bleu? Kuya uone!"

Kaburi ya pili, pembeni kabisa. Kopo ya bleu. Hakuna hata jani moja.

"Balikuwa barafiki ya kazi. Papa alituambia: mukikuja kunilimia kaburi, mulime na kwa Ilunga, mpaka bantu bake bafike."

Bake tumefika, bandugu.

Munkoyo yote alikunywa papa ya ule mama. Munasema nilikosea kaburi?