Bingwa na Mama Yake

Mume wangu alikuwa mpakia mizigo katika bandari kavu ya Isaka, na jioni, akishaoga vumbi la saruji, alikuwa bondia. Watu walimwita Baba Mapacha kwa ajili ya wanetu, nami nikamwita hivyo hivyo. Ukimwona leo na goti lake bovu hutaamini kwamba aliwahi kugombea mkanda wa uzito wa juu wa kanda yetu. Aligombea, kule Geita, na mimi nilikuwapo.

Kocha wake alinikataza kukaa karibu na ulingo. "Mama Mapacha," aliniambia, "ukipiga yowe tu, mtu wangu atageuka kukutazama, na hapo ndipo atakapopigwa." Basi nikaenda benchi la nyuma, katikati ya wachimbaji waliokuja ukumbini moja kwa moja kutoka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, udongo mwekundu bado umeganda kwenye viatu. Mpinzani alikuwa mchimbaji mwenzao, kijana mwenye mabega kama mlango wa ghala.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Kengele ilipolia akajifunika uso wote kwa kitenge.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Siwezi kutazama watu wakipigana. Lakini nataka kujua. Hebu nisimulie."

Nikawa redio yake. Mume wangu alivaa bukta ya bluu, yule mchimbaji nyekundu, na mimi nikasema bluu na nyekundu tu, kama mtu asiye na mtu wake pale. Raundi ya tatu nyekundu alimshindilia bluu konde la ini, nikasimulia huku nimeuma meno. Kisha Baba Mapacha akaanza kumsoma mwenzake. Akamfuata, akamtia kwenye kamba, akamchosha.

Raundi ya saba nikasimama. "Nyekundu yuko chini, mama!"

"Anainuka?"

"Refa anahesabu."

"Nakuuliza, anainuka?"

Alikuwa ameshika mkono wangu, na kucha zake zilikuwa zinaingia.

"Ameinuka."

"Wabeja," alisema, akishukuru kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu aliyetolewa kisimani. Hapo ndipo nilipoelewa nimekaa na nani. Kuanzia raundi ile ulimi wangu ukawa mzito. Sikumdanganya, ila kila konde la mume wangu nililisema polepole, kama mtu anayepeleka habari za msiba.

Kengele ya mwisho ilipolia, Baba Mapacha alikuwa anarukaruka kwenye kona yake na mwenzake ameshikiliwa na watu wawili. Tukasubiri. Majaji wawili kati ya watatu wakampa nyekundu.

Kisha mtu akapiga kelele, "Wamembeba!" na ukumbi mzima ukaitikia, wachimbaji wale wale wa Geita wakiwa wa kwanza. Chupa za maji zikaruka ulingoni. Mume wangu alisimama amemwachia kocha mikono avue glavu, anatazama sakafu.

Yule mama akashusha kitenge. "Nani kainuliwa mkono?"

"Mwanao, mama."

Akanitazama. "Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mke wa yule wa bluu."

Halafu akauliza, "Mnalala wapi?"

Nikamwambia gesti, kwa kuwa mabasi ya Shinyanga yalikuwa yameshaondoka.

"Gesti hamwendi. Mtakula kwangu."

Baba Mapacha alikataa, kisha akaona aibu kumkatalia mama mtu mzima. Tulikuwa tumekaa mkekani, ugali na sato mbele yetu, jua limeshazama, mwanawe alipoingia, jicho moja limevimba, mkanda ndani ya mfuko wa plastiki. Alipotuona alitaka kurudi nyuma.

"Nawa, ule," mama yake akamwambia. Alipokwisha kukaa akamuuliza, "Umeshinda?"

"Majaji wamesema, mama."

"Sikukuuliza majaji."

Kijana akabaki na tonge mkononi. "Toka raundi ya saba nilikuwa nangoja kengele tu," akasema mwishowe. Akamgeukia mume wangu. "Kaka, waliponiinua mkono nilishtuka hata mimi."

Niliogopa. Toka ukumbini Baba Mapacha alikuwa amekunja uso. Lakini akasema, "Mama, usimwonee. Konde lile la ini, niliona nyota mchana." Akatafuna, akameza. "Ila nimeshinda mimi."

"Umeshinda wewe," bingwa akajibu, na mama yao akaanza kucheka mpaka sote tukacheka.

Nikisema chakula kile kilimponya mume wangu nitakuwa nadanganya. Aliahidiwa pambano la marudiano baada ya mavuno, kisha baada ya mvua, kisha mwandaaji akaacha kupokea simu. Miezi mingi mume wangu alirudi kutoka Isaka akala na kulala tu. Mkanda wenyewe ukachukuliwa na mtu wa Mwanza.

Lakini bingwa aliacha duara akawa dereva wa lori, na mizigo ya kwenda nchi za magharibi huanzia Isaka. Akaanza kupita kwetu Kambarage, pale Shinyanga mjini. Miaka ile ndiyo ninayoikumbuka zaidi: sebule yetu ndogo, vigoda vimesukumwa ukutani, wanaume wawili wazito wanapigana upya raundi ya tisa bila kugusana, mapacha wangu wamejipa ujaji na hawakubaliani. Mama yake alitutumia michembe, viazi vikavu vya kwao, ndani ya kabini ya lori. Kukiwa na ngumi kwenye runinga, alinipigia simu, akiniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, washa. Nimeshafumba macho."

Mwaka jana, wakati mashamba ya pamba yanalimwa, yule mama alifariki. Tulikwenda. Jeneza lilipotoka nyumbani, mjomba wa bingwa aliwatazama wanaume waliokuwapo akaona wawili tu wanalingana kimo. Akawaweka mbele, mmoja kulia, mmoja kushoto. Walikwenda taratibu hadi shambani, Baba Mapacha akiburuta lile goti, na mwenzake akifupisha hatua ili wawe sawa.

Baada ya maziko tulirudi na lori, watatu kiti cha mbele. Mvua ya kwanza ilitukuta njiani. Hakuna aliyetaja ngumi.