Mdundo Aliokosea Jurgis

Ghuba ya Kurši ilipoganda, wanawake wengine wa kijiji walikaa majumbani wakishona nyavu na kusengenyana. Urtė hakuwa na subira kwa yote mawili. Alitoka na keekee begani, akaenda kutoboa barafu nene kama urefu wa mkono. Mwanamume yeyote aliyejitia kumsaidia alirudishwa na ulimi mkali kuliko keekee yenyewe.

Alikuwa akivua stinta, visamaki vyembamba vinavyonukia matango mabichi. Stinta hawangoji chambo, huitwa. Ubao mrefu huteremshwa tunduni, ncha moja majini, nyingine ikibaki juu ya barafu, na mvuvi huugonga kwa nyundo za mti. Mlio husafiri chini kwa chini, samaki wakaufuata hadi wavuni. Kila nyumba ina mdundo wake. Wa nyumba ya Urtė ulikuwa pigo moja zito, mawili ya haraka, kisha moja zito. Ukungu ukishuka, aliyepotea husikiliza mdundo wa kwao akaufuata. Lakini usiufuate kamwe iwapo nyundo za nyumba yako unazo wewe mwenyewe. Hilo watoto wa pale hufundishwa kabla ya sala.

Majira ya baridi yaliyotangulia, mumewe Jurgis alizama pamoja na farasi na sleji, gari lake la kuteleza juu ya barafu, upande wa magharibi, ambako mkondo wa mto huila barafu kwa chini. Farasi alionekana. Jurgis hakuonekana. Urtė hakulia mbele za watu. Alilia jikoni akimenya viazi, na aliyemuuliza aliambiwa ni vitunguu, ingawa vitunguu vilikuwa vimekwisha tangu Krismasi.

Siku hiyo ukungu ulishuka kabla ya mchana. Urtė alikuwa na Anskis, kaka yake Jurgis, kila mmoja kwenye tundu lake, hatua chache baina yao. Urtė akapumzisha nyundo ili apulizie vidole. Kutoka magharibi ukaja mlio: pigo zito, mawili ya haraka, pigo zito.

"Shemeji," Anskis aliita, "ni wewe huyo?"

"Nyundo ziko mapajani mwangu."

Anskis akavua kofia. "Basi kaa hapohapo. Umenisikia? Usinyanyuke!"

Urtė alikuwa ameshanyanyuka.

"Urtė! Sikio la kufa halisikii dawa!"

"Na mdomo wa kunguru haunyamazi! Niache nisikilize."

Alikwenda, kwa kuwa alimtaka mumewe, na hamu haiulizi akili. Maji yalianza kunyonya chini ya mabuti yake. Barafu ilinung'unika, ikageuka rangi ya moshi. Mdundo sasa ulikuwa karibu mno, nao haukuwa mbele yake tena. Ulikuwa chini ya nyayo.

Hapo ndipo alipousikiliza vizuri. Pigo zito, mawili ya haraka, pigo zito. Haukukosea hata mara moja. Jurgis alikuwa amekatwa vidole viwili na kamba ya wavu, na siku zote alilimeza lile pigo la tatu. Urtė alikuwa akimcheka: "Unagonga kama mlevi anayepanda ngazi!" Katika nyumba ile, aliyegonga bila kukosea alikuwa mmoja tu, yeye Urtė. Kilichokuwa chini pale kilikuwa kimemsikiliza msimu mzima, kikajifunza.

Akarudi kinyumenyume, akifuata sauti ya Anskis aliyekuwa akimtukana bila kupumzika ili asipotee.

"Hakuwa yeye," Urtė alisema, akaketi tunduni pake, meno yakigongana. "Huyo anagonga vizuri mno. Mume wangu hakuwahi kugonga vizuri."

Anskis akacheka kwa woga. "Kweli. Mungu amrehemu, mkono wake ulikuwa mbaya kama nini!"

Urtė naye akacheka, na kicheko kikageuka kilio mbele ya mtu, kwa mara ya kwanza. Hamu ilimjaa kifuani asijue pa kuiweka. Akashika nyundo, akagonga kama alivyogonga Jurgis. Pigo zito, moja la haraka, kimya kidogo, pigo zito. Jinsi ilivyomfariji! Akarudia, akarudia tena, machozi yakimgandia mashavuni.

Anskis alimrukia akamshika mikono. "Umefanya nini, shemeji? Umefanya nini? Kosa hilo tu ndilo ambalo kile cha chini kilikuwa hakilijui!"

Urtė akautazama ubao. Ncha yake ilikuwa bado ikitetemeka, na ile nyingine ilikuwa chini majini.

Wiki nzima hakutoka. Anskis alimletea mkate na samaki wa moshi, akahakikisha keekee imefungiwa bandani kwake. Lakini nyumba ya Urtė ilikuwa ukingoni, na barafu ilifika hadi chini ya kizingiti. Asubuhi moja ya jua kali, bila ukungu wowote, alikuwa akimenya viazi, mara sakafu ikatikisika kidogo.

Pigo zito. Moja la haraka. Kimya kidogo. Pigo zito.

Urtė alijua wazi kwamba si Jurgis. Alijua hata nani aliyekifundisha. Akaweka kisu juu ya meza, akajifunga mtandio, akafungua mlango.