Njiwa Wawili wa Mninga

Miaka ile ya Ujamaa, karakana ya ushirika pale Kilosa ilitengeneza vitanda vya namna moja tu, vyote vimechongwa mwenge wa Uhuru kichwani. Ukienda kumjulia hali mgonjwa, mwenge. Ukienda kumpongeza mzazi, mwenge. Nikamwambia mchumba wangu, aliyekuwa fundi wa karakana hiyo hiyo, kwamba mimi silali chini ya mwenge kama niko kwenye mkutano wa hadhara. Nataka njiwa wawili wanaotazamana.

"Mwenge una kigezo tayari," akasema.

"Basi kaoe mwenge."

Kigezo ni kipande cha plaiwudi kilichokatwa umbo unalolitaka. Unakibana juu ya ubao, unawasha mashine ya umeme yenye kisu kinachozunguka, na pete iliyo chini ya mashine inatambaa ukingoni mwa kigezo. Kisu kinachimba umbo lile lile, mkono haupotei. Mchumba wangu aliipenda mashine ile mpaka nikaionea wivu.

Kitanda hakikuwa urembo tu. Kwetu mjomba ndiye mwenye mpwa, na mjomba wangu wa Berega alikuwa bado hajakubali posa. Mchumba alikuwa mtu wa Mikumi, kando ya barabara kuu, na mjomba aliamini watu wa barabarani wana miguu myepesi: leo yupo, kesho kapanda lori la Iringa.

"Nitakuja nikione hicho kitanda," alisema. "Ndipo nitajua kama anakuja kukaa au kupumzika."

Mchumba akakata kigezo cha njiwa mmoja, akikusudia kukipindua kwa njiwa wa pili. Wazo zuri. Lakini alikuwa amepigilia kijiti upande wa chini ili kigezo kikamate ukingo wa ubao kisiteleze. Alipokipindua, kijiti kikawa juu, kigezo kikateleza. Angetulia kidogo angekihamisha kijiti. Yeye akakirudisha kigezo kilivyokuwa, akakisogeza pembeni, akawasha mashine.

Nilipofika, njiwa wangu walikuwa wamefuatana kama watu kwenye foleni ya sukari, wa nyuma anatazama mkia wa mwenzake. Nilimpa maneno yangu yote, hata yale niliyokuwa nimeyaweka akiba kwa ajili ya ndoa. Ubao mwingine wa mninga haukuwapo, na mjomba alikuwa njiani.

Mjomba akaingia karakanani. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba macho yakiwa kwenye kitanda. Akakizunguka, akakitikisa, hakikulia. Kisha akawainamia njiwa.

"Mpwa wangu ni yupi hapa?"

Mchumba akanitazama. Nilikuwa bado nimenuna, lakini nikaogopa kumkosa, nikaogopa kweli.

"Wa mbele, mjomba," nikajibu.

"Na huyu wa nyuma? Mbona hawatazamani?"

"Nilikosea, mzee," mchumba akasema. "Kigezo kilinishinda."

Mjomba akapitisha kidole kwenye mkia wa njiwa wa mbele, taratibu, mpaka kwenye mdomo wa yule wa nyuma.

"Sasa mpwa wangu akigeuka?"

"Atanikuta, mzee."

Mjomba akakaa ukingoni mwa kitanda, akavua kofia yake.

"Basi tafuteni godoro," akasema.