Gari Inayolala

Mama yangu huniita mama. Mimi ni binti wake wa pili, na kwetu binti wa pili hupewa jina la nyanya mzaa mama, kwa hivyo siku niliyozaliwa alimpata mama yake upya. Akinikasirikia ananiita "wewe". Akifurahi, au nikimshinda kwa maneno, ananiita "Maitu", yaani mama yangu. Nimekua nikilinyemelea neno hilo kama watoto wengine wanavyonyemelea sukari.

Sikusoma sana. Niliachia kidato cha pili, nikaingia kwa mashine ya kufuma sweta za shule hapa Karatina, na mikono ikifuma, kichwa kilikuwa kinaendesha gari. Si gari lolote. La spoti, milango minne, boneti ndefu, chini kama paka anayevizia. Nilipotangaza kwamba sasa nalitafuta, mtaa mzima ukageuka fundi. Ati kabichi utabeba wapi? Ati msichana hununua kagari kadogo ka kwenda sokoni. Kaka yangu ndiye aliyezidi. Yeye alitaka pikapu.

"Ile ya juu juu," alisema. "Inapita matope."

"Kwani mimi nafuma kabichi?" nikamuuliza.

Mtu mmoja tu ndiye angeweza kunizuia. Goti la kushoto la mama liliharibika, na nilikuwa nimeapa moyoni kwamba gari atakalokataa kupanda silinunui, hata kama nimeliota. Kaka sikumwambia. Angemfundisha mama kukataa. Niliwaambia wote wawili tu: twendeni mkaone.

La kwanza lilikuwa jeupe, kwenye yadi ya magari pale Nyeri mjini. Lilivyong'aa, mama alisimama mbele ya mlango wake akajirekebisha kitambaa cha kichwani kama mbele ya kioo. Muuzaji akatoka na tabasamu, akanipita mimi, akamwekea kaka ufunguo mkononi.

"Karibu, bosi. Kiti ya dereva iko tayari."

"Huyo hana leseni," nikasema.

"Sasa nani ataendesha?"

"Mwenye ananunua."

Alicheka. Nikanyoosha mkono na sikuushusha, mpaka kicheko kikamwishia na ufunguo ukanifikia.

Tukateremka kuelekea daraja la Chania, muuzaji kando yangu, mama na kaka nyuma. Siwezi kulisingizia, lile gari lilikuwa na nguvu. Ukigusa mafuta, linaruka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi. Lakini usukani ulikuwa mwepesi mno, haukuniambia kitu, na kwenye kona mwili wote uliinama upande mmoja. Mama aliteleza kwenye kiti cha ngozi hadi akamgonga kaka bega.

"Hii ni starehe, madam," muuzaji akaniambia. "Wanawake wanapenda starehe."

"Nyuma yako kuna mwanamke. Muulize."

Mama hakungoja kuulizwa. "Nishukishe hapa. Nitapanda huo mlima kwa miguu."

Na goti lile! Nikarudi polepole kama nimebeba mayai, kaka akipiga mluzi wa mtu aliyeshinda kesi.

La pili lilikuwa Kerugoya, kwa mwalimu mmoja kutoka magharibi aliyekuwa amepewa uhamisho wa kurudi kwao. Lilikuwa la buluu, kuukuu kidogo, gia za mkono, dirisha moja likihitaji kusaidiwa kupanda. Nikalipenda kabla sijaligusa. Mwalimu alimwamkua mama kwa adabu, akaanza kulisifu.

"Mama, hii gari haitikisiki kwa kona. Inalala kwa barabara."

Mkono wa mama ukatoka kwenye mlango. "Inalala?"

"Sana, mama. Hata kwa mvua."

"Hata kwa mvua!" Akanigeukia. "Wewe. Umesikia? Mimi nimelala kwa barabara ya kutosha."

Alikuwa amelala kweli. Zamani alikuwa akipeleka kabichi Doldol kwa lori la watu, na lori likiharibika njiani, watu walisema limelala, naye alijikunja juu ya magunia mpaka kuche. Mwalimu hakuyajua hayo, maskini. Alijitahidi kurekebisha.

"Si kulala ya kulala, mama. Ni kulala ya... kulala."

Kaka alishika kiuno kwa kucheka. "Angalau mwalimu ni mkweli!"

Damu ikanipanda. Nikaufungua mlango wa mbele wazi kabisa. "Keti tu. Tukilala, nitakubeba mgongoni mpaka Karatina."

"Na huo mgongo ya kufuma?"

"Na huu huu."

Mama akaupima mgongo wangu kwa macho. Akageuka, akajishusha taratibu vile anavyojishusha kwenye kigoda cha kukamulia ng'ombe, na akawa ameshafika. Hakukuwa na kupanda. Kwenye pikapu ya jirani, ile kaka anayoisifu, mama husukumwa na watu wawili huku akijizuia kulia. Sasa aliingiza mguu mmoja, kisha ule mwingine, akalitazama goti lake kama linalomficha jambo.

"Kumbe iko chini," akasema.

"Si ndio ubaya yake?" kaka akadakia.

"Ubaya kwa nani?"

Mwalimu na kaka wakakaa nyuma, nikashika barabara ya Kagumo. Klachi ilikuwa ngumu, na springi zilikipasha kiuno changu habari za kila kiraka. Lile jeupe lingetuacha mbali kwenye barabara iliyonyooka, nakubali. Lakini usukani huu ulinipa barabara mikononi kama uzi. Mfumaji anajua uzi unapokaza kabla jicho halijaona. Kona ikaja, gari likajibana chini, likazunguka. Mama hakuteleza. Kona ya pili, akaachilia kishikio cha juu ya mlango.

"Ndiyo hii kulala?"

"Ndiyo hii."

Akafikiri hadi kona nyingine ikapita. "Inalala kama kuku kwa mayai. Basi si mbaya. Kanyaga kidogo."

Nikakanyaga. Nyuma, mwalimu akasema amina.

Tuliporudi, kaka alikuwa amebakisha risasi moja, na lazima niseme ilikuwa nzuri. "Na njia ya nyumbani ikinyesha? Hii tumbo yake itakwama kwa matope, na mama atembee na hiyo goti?"

Njia yetu ni udongo mwekundu, na ikinyesha hata punda hufikiri mara mbili.

Mama alikuwa bado ameketi, mkoba mapajani.

"Wewe si uko na jembe?" akamwambia kaka. "Na mikono si ni miwili? Hiyo njia utatengeneza. Mawe iko kwa mto, ya bure."

Kaka akaitazama mikono yake kama ameazimwa.

"Maitu," mama akaniita, bila kunigeukia. "Ongea na mwalimu. Mimi sishuki."