Mawe Niliyompa Mama Holo

Nacheka na nyie hapa lakini aibu niliyoipata kule machimboni Mwakitolyo hata mama yangu sijamsimulia yote.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasoma jiolojia, na muhula huo tulikuwa tumemaliza somo la maumbo ya fuwele za madini, basi nikarudi likizo kichwa kimejaa (na mdomo pia). Baba mdogo Masanja, aliyeuza ng'ombe wake wa kulimia wote wanne ili achimbe duara lake, yaani shimo la dhahabu, ndiyo kwanza alikuwa ametoa mawe meupe yenye chembe zinazong'aa njano. Utaratibu kila mtu pale anaujua: unatwanga kidogo kwenye kinu, unaosha kwenye karai, unaangalia kama chini umebaki mkia wa njano, ndiyo dhahabu yenyewe. Akaniambia, "Ng'wanawane, shika mchi, mwanangu, tuoshe tuone."

Mimi na usomi wangu nikatwange? Nikatoa lenzi, nikatoa kipande cha kigae, nikalisugua jiwe, likaacha mchirizi mweusi, wakati dhahabu huacha wa njano, na watu walishajaa. Nikawaonyesha vile vijichemraba, nikawaeleza chuma na salfa zinavyojipanga humo ndani, nikamalizia, "Hii ni pairaiti, siyo dhahabu. Baba mdogo, unapoteza nguvu zako bure." Na ilikuwa pairaiti kweli, hapo sikukosea, ndiyo maana inaniuma. Wakanipigia makofi. Mama Holo, mjane anayetwangia watu mawe kwa kibarua, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, basi naweza kuyachukua?" Nikajibu mimi, siyo mwenye mawe, "Chukua mama, kajengee choo."

Baba mdogo akakusanya kamba na sururu zake akaondoka, na kule ukiliacha duara mbele ya watu limekwenda, jioni hiyohiyo wengine walishaingia.

Siku ya tatu tukasikia vigelegele huko wanakooshea. Tukaenda, tukamkuta Mama Holo ameinama, na kwenye karai lake mkia wa njano mrefu kama kidole. Dhahabu ilikuwa imejibana humohumo ndani ya pairaiti, huioni kwa lenzi yoyote mpaka ulisage jiwe. Aliponiona akapaza sauti, bila kejeli hata kidogo (bora angenitukana), "Wabeja, msomi! Asante sana, Mungu akuzidishie!" Umati ukaangua kicheko, mmoja akanirushia kokoto, "Mwalimu, tupimie na hili!" Baba mdogo hakucheka wala hakunigombeza. Alisema tu, "Twende nyumbani." Mwaka huo alilima kwa jembe la mkono, yeye na mkewe.

Nimeapa, jiwe silisemei neno mpaka limetwangwa. Muhula uliofuata mtihani ukauliza ni madini gani huambatana na dhahabu, nikaandika kurasa mbili nzima, nikaongoza darasa. Baba mdogo akapiga simu kunipongeza, anahema, ametoka shambani, akataka kujua huo mtihani niliofaulu hivyo ulikuwa wa nini. Nikamwambia ulikuwa wa hesabu.